Simba wa Berlin, simba wa Mikumi

Ukiishi Ujerumani na umetoka Tanzania, utafanywa mtaalamu wa wanyama utake usitake. Mimi ni mtoto wa Temeke. Nimekua na kunguru, paka wa sokoni na mbuzi wa jirani aliyekuwa akitafuna nguo kwenye kamba. Simba ninayemjua vizuri ni yule wa noti ya elfu mbili.

Hata hivyo, Julai 2023 kazini wote walinigeukia mimi. Ilikuwa imesambaa video ya mnyama aliyeonekana usiku huko Kleinmachnow, mji mdogo uliopakana na Berlin kwa kusini. Polisi wakasema ni simba jike. Basi ukamwagwa ulinzi: askari zaidi ya 100, helikopta, droni, kamera za kunasa joto gizani, madaktari wa mifugo, wawindaji. Wakazi wakaambiwa wakae ndani. Julai 21 meya akawaita waandishi wa habari, akawaonyesha michoro: mgongo wa simba uko hivi, wa mnyama wetu uko hivi. Kwa kila dalili, alikuwa nguruwe mwitu.

Nilicheka mpaka machozi. Nilipoenda likizo nikawasimulia nyumbani, nao wakacheka zaidi. Mzungu atamjulia wapi simba!

Tukapanda SGR hadi Morogoro, tukakodi gari, hao Mikumi. Kwenye uwanda wa Mkata, nyasi zimekauka, shangazi akamkamata dereva bega. "Simba! Yule pale! Fungeni vioo!" Watoto kimya, simu zote juu. Kilichoonekana ni mgongo tu wa kahawia. Dereva akazima injini, akatupa jicho mara moja, akameza kicheko kwa heshima ya mtu mzima.

"Msubiri ainuke, mama."

Alikuwa amepiga magoti anakula majani. Akainuka: ngiri, mkia juu kama antena, huyoo akatimka na watoto wake nyuma. Shangazi, hajati wa watu, akashika kifua: "Astaghfirullah! Yaani roho yote hii imeniruka kwa nguruwe?"

Ngiri na nguruwe mwitu ni ukoo mmoja, kwa hiyo hapo Berlin na Temeke tumetoka sare. Sisi wa mjini tuache kujifanya tumezaliwa porini.

Ninapoona wenzetu wametuzidi ni kwenye kuitikia wito. Raia mmoja kapeleka video, dola nzima ikaamka usiku huohuo. Kwetu, mkulima wa kando ya hifadhi hana haja ya kukisia: tembo anamjua, na alfajiri anamkuta katikati ya shamba. Atasubiri askari wanyamapori, kisha atasubiri kifuta jasho, pesa ya serikali kwa mazao yaliyoliwa, ambacho hata jina lake linakuambia si fidia. Helikopta siiombi. Gari moja lenye mafuta, lifike kabla mahindi hayajaisha.