Laptop ya mtumba haihitaji mkalimani mpya

Ingia duka lolote la kompyuta za mtumba hapa Kampala, uliza laptop ya bei ya mwanafunzi, utaonyeshwa zile zile: ThinkPad, Latitude au EliteBook iliyostaafu kwenye ofisi ya mtu huko Ulaya. Ndani yake mna prosesa ya Intel ya kizazi cha 3 au cha 4. Bodi ngumu, kibodi tamu, betri ni bahati yako. Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Ndiyo maana vijana wengi siku hizi wananijia na flash wakitaka niwawekee Linux. Swali lao la kwanza halihusu kazi za shule. Wanauliza, "Kaka, na gemu zangu je?"

Gemu zako zitacheza. Ninachogombana nacho ni ushauri wanaopewa baada ya hapo: weka DXVK, programu inayosaidia gemu za Windows kuchora picha kwenye Linux, tena toleo jipya kabisa, mambo yaishe. Ushauri huo ni mzuri kwa aliyeuandika. Mara nyingi ana kadi ya grafiki ambayo bei yake inanunua laptop zetu tano.

Gemu ya Windows ya mwaka 2005 inapotaka kuchora gari au uwanja, inatoa maagizo kwa Direct3D, sehemu ya DirectX ya Microsoft inayochora picha. Linux haina Direct3D, kwa hiyo lazima mtu asimame katikati, kama mkalimani wa kanisani: mhubiri anatema Kiingereza, wa pembeni anakimbizana naye kwa Kiluganda, na waumini wanacheka pale pale panapochekesha. Wine, mradi wa kufungulia programu za Windows kwenye Linux ulioanza 1993, ina mkalimani wake wa siku zote, WineD3D, anayegeuza maagizo hayo kuwa OpenGL, lugha ya kuchora ambayo Linux inaielewa. DXVK alikuja baadaye. Philip Rebohle aliianza kwa sababu alitaka kucheza Nier: Automata kwenye Linux, na yenyewe inageuza kuwa Vulkan, lugha mpya zaidi ya kazi hiyo hiyo. Mwaka 2018 Valve, wenye duka la gemu la Steam, waliiingiza ndani ya Proton, Wine yao iliyorekebishwa. Ilianza na Direct3D 11, mwishoni mwa 2019 ikameza ya 9, na 2024 ikaongeza ya 8.

Siidharau. Hata Intel wenyewe waliichukua kwenye draiva za kadi zao za Arc, za Windows, ili gemu za Direct3D 9 zikimbie vizuri. Lakini DXVK 2.0 ilipotoka Novemba 2022 iliweka sharti: draiva iwe na Vulkan 1.3. HD 4000, grafiki ya kile kizazi cha 3 kilichojaa madukani, haifiki hapo. Fungua gemu kupitia terminali uone: draiva yenyewe inakuandikia onyo kwamba Vulkan ya Ivy Bridge (ndilo jina la kile kizazi cha 3) haijakamilika. Kisha dirisha jeusi, kisha hakuna kitu. Kijana anafunga laptop akisema Linux ni ya wataalamu, anarudi kutafuta Windows ya kuchakachua.

Wakati huo huo grafiki hiyo hiyo, kwa Mesa, draiva za grafiki za Linux, ina OpenGL 4.2. Kwa gemu ya 2005 hiyo inatosha na kubaki. Need for Speed Most Wanted, ile ya zamani, inacheza kwa WineD3D ukikubali 1024 kwa 768 na kuzima vivuli. Unachofanya kwenye Lutris, programu ya kupangia na kufungulia gemu, ni kuzima kitufe cha DXVK, basi. Kwenye Steam unaandika PROTON_USE_WINED3D=1 %command% katika sehemu ya maagizo ya kufungulia gemu. (Ila Steam itataka kukupakulia Proton nzima, na hapo bando la wiki linakwenda. Wine ya kawaida kutoka hazina ya distro yako (aina ya Linux uliyoweka) ni nyepesi zaidi.) Anayeshikilia DXVK ajaribu 1.10.3, ya mwisho kabla ya lile sharti, lakini kwa HD 4000 mimi simwahidi chochote.

Tukirudi nyuma zaidi, Windows yenyewe ndiyo inayoaibika. Age of Empires II ya 1999 inatumia rangi 256 tu kupitia DirectDraw, njia ya kale ya Windows ya kuchora picha. Kwenye Windows 7 rangi zilikuwa zinavurugika, nyasi zinageuka zambarau, na dawa ya mtaani ilikuwa kumuua explorer.exe kwenye Task Manager kabla ya kucheza. Hebu fikiria, unazima nusu ya Windows ili gemu ya Windows ipate rangi yake! Kwenye Linux kuna cnc-ddraw, inayochukua nafasi ya DirectDraw: unaweka ddraw.dll yake kwenye folda ya gemu, kando ya faili la exe, halafu unamwambia Wine aanze na hiyo kwa WINEDLLOVERRIDES="ddraw=n,b". Nyasi zinakuwa kijani.

Kwa hiyo ninyi mnaowasaidia wenzenu kwenye makundi ya WhatsApp, kabla ya kutaja DXVK mwambieni mtu aandike vulkaninfo --summary na glxinfo -B, awatumie kinachotokea, muone grafiki yake inafika wapi kwa Vulkan na OpenGL. Akiwa na Intel ya kizazi cha 6 kwenda juu, mpeni DXVK mpya, atafurahi. Aliye chini ya hapo aanze na WineD3D. Msimwambie anunue mashine nyingine. Angekuwa na hela hiyo asingewauliza.

Na anayeniuliza habari za gemu za DirectX 12 kwenye mashine hizo, namwambia asijisumbue. HD 4000 haiijui DirectX 12 hata ukiwa ndani ya Windows.