Joto likizidi nyigu anaumia kabla ya kiwavi

Ukitaja ongezeko la joto, wengi wanajibu haraka kwamba wadudu wanapenda joto, kwa hiyo hata nyigu wanaotaga mayai ndani ya viwavi watafaidika. Hoja hiyo siyo ya kutupa. Joto likipanda kidogo nyigu anakua haraka zaidi, msimu mmoja unapata vizazi vingi. Tena Cotesia flavipes, nyigu mmojawapo wa hao, aliyetolewa Asia akaachiwa Pwani ya Kenya mwaka 1993 apambane na bungua wa mahindi, ni mdudu wa nyanda za joto na amezoea kabisa.

Shida ni kwamba nyigu huyu hakui peke yake, anakulia tumboni mwa mdudu mwingine, na mara nyingi joto linalomuua yeye kiwavi analivumilia. Marekani wamelipima hili kwa ndugu yake, Cotesia congregata, anayeshambulia kiwavi wa tumbaku: joto la mchana likifika 40°C kila siku nyigu wachanga wanafia ndani, kiwavi yeye anaendelea kula tu, ananenepa ajabu, ingawa kuwa nondo mara nyingi hafiki.

Ila kinachonisumbua mimi zaidi siyo hata vifo, ni madume. Kwa nyigu, yai lililorutubishwa linatoa jike, lisilorutubishwa linatoa dume, na kuna aina ambazo dume akipigwa na joto kali akiwa bado pupa, yaani hajawa mdudu kamili, mbegu zake zinapungua sana na hazirudi. Kwa macho ni mzima, anaruka, anapanda majike kama kawaida, na jike ambaye hupandwa mara moja tu anaondoka hapo bila mbegu za kutosha halafu anataga vizuri tu, viwavi anawachoma, ila watoto karibu wote madume. Sasa wewe ukienda shambani ukahesabu viwavi walioshambuliwa utaona asilimia nzuri na kuandika mambo safi, kumbe kizazi kijacho hakuna mama wa kutaga!

Ndiyo maana hiyo asilimia peke yake siiamini, hasa baada ya wiki za jua kali, hesabuni na majike. Nakubali bua la mahindi, ambamo bungua hukaa, linakinga joto kiasi, lakini Cotesia akishakula anatoka kwenye kiwavi na kusuka kifukofuko nje ya mwili wake, na kwa aina wanaoshambulia viwavi wa majani hiyo pupa inakaa juani.