Deni la dola, jasho la shilingi

Asubuhi moja pale mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, mama mmoja muuza dagaa alikuwa anakagua noti ya dola aliyolipwa na mteja wa ng'ambo ya ziwa. Aliinyoosha, akaiinua juani, akatafuta mchaniko hata wa ukubwa wa ukucha, maana noti iliyochanika hakuna anayeipokea. Kisha akamuuliza kijana aliyekuwa jirani yake, "Leo dola inaendaje?" Kigoma tunaishi na fedha za aina tatu: shilingi, faranga ya Burundi na dola. Sarafu ikipanda au ikishuka, sisi tunajua kabla ya chakula cha mchana.

Ndiyo maana habari za deni la taifa zinaninyima usingizi. Ripoti ya CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ya 2023/24 ilionyesha deni la Serikali limefika shilingi trilioni 97.35 Juni 2024, kutoka trilioni 82.25 mwaka mmoja nyuma. Tunaambiwa ni himilivu, yaani nchi inaweza kulibeba na kulilipa. Lakini sehemu kubwa ya deni hilo ni la nje, linalipwa kwa fedha za kigeni, na kodi zetu nyingi tunazilipa kwa shilingi. Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilikuwa kama shilingi 2,300. Katikati ya 2024 ilishapita 2,600. Piga hesabu mwenyewe: mkopo wa dola bilioni 1 uliokuwa shilingi trilioni 2.3 ukawa trilioni 2.6. Ziliongezeka shilingi bilioni 300, na hakuna mfuko hata mmoja wa saruji ulionunuliwa.

Sisemi tusikope. Reli ya kisasa ya Tabora–Kigoma, kilomita 506, ambayo mkataba wake ulisainiwa Desemba 2022, naitaka kwa moyo wote. Mizigo ya Kongo na Burundi ikipita hapa kwetu, wenye mizigo watalipa kwa fedha za kigeni. Mkopo wa namna hiyo una njia ya kujilipa.

Kinachoniuma ni matumizi yasiyozaa. Niliwahi kuhesabu mashangingi kumi na moja kwenye ziara ya kukagua kisima kimoja cha kijiji. Hotuba zilisomwa karibu saa nzima, na muda wote huo injini hazikuzimwa ili viyoyozi viendelee kupuliza. Akina mama walikuwa wamesimama na ndoo zao nyuma ya moshi ule. Magari yale yanaagizwa kwa dola, na mafuta yake vilevile. Bajeti ikipelea, Serikali inauza hatifungani, yaani inakopa humu ndani kwa riba, benki zinakimbilia huko kwenye uhakika, na yule mama wa Kibirizi akienda kuomba mkopo wa vichanja vya kuanikia dagaa anaambiwa alete hati ya nyumba. Atoe wapi hati?

Kwenye mkutano wa mtaa mwenyekiti husoma mapato na matumizi, na watu wanambana mpaka kwenye elfu kumi ya kununulia madaftari. Nataka mikopo ya taifa isomwe vivyo hivyo: kiasi gani, kwa sarafu gani, riba gani, inaisha lini, itatuletea nini. Ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila kata, kwa Kiswahili cha kueleweka. Diwani wetu akija mkutano ujao, hilo ndilo swali langu la kwanza.