Kanzu Nyeupe, Usiku wa Wafu

Najua mshaisikia hadithi yangu na mama mwenye nyumba, eti alinifukuza kwa ufagio. Jamaa ninayekaa naye chumba kimoja hapa Tianjin, China, kaituma kwa sauti kwenye kila kundi analolijua, dakika nne, na tatu kati ya hizo anacheka tu. Kwanza nikanushe: sikufukuzwa kwa ufagio. Ufagio ulikuwepo, lakini wa kuzolea majivu.

Chanzo ni kiburi. Nilijigamba mbele ya darasa zima kwamba mtoto wa pwani hafundishwi mwezi. Sisi tumekua tukikodolea macho upande wa magharibi kutafuta mwezi mwandamo, toka Mfungo Mosi hadi Ramadhani tunahesabu kwa vidole. Mwaka Mpya wa Kichina wa 2025 uliingia 29 Januari. Sikukuu ya keki za mwezi ni siku ya 15 ya mwezi wa nane. Nikahesabu miandamo minane, nikasogea hadi siku ya 15: Jumamosi, 6 Septemba. Na keki zimejaa madukani tangu Agosti. Nani angenibishia?

Kanzu ilikuwa bado imenyooka, maana wiki hiyohiyo tulikuwa na Maulidi. Saa mbili usiku nikashuka, kofia kichwani, boksi jekundu la keki mikononi. Mama mwenye nyumba, tunamwita *ayi*, yaani mama mdogo, alikuwa amechuchumaa njia panda karibu na geti, mbele yake moto mdogo. Nikajisemea, kumbe na mishikaki ipo.

Hapa twende polepole, maana mimi mwenyewe palinipitia polepole. Chini kulikuwa na duara la chaki lenye mlango mdogo upande mmoja. Nikadhani watoto wamechora mchezo. Nikaingia. Ndani kuna majivu, na noti. Noti za karatasi zenye sifuri zisizoisha, zinaungua pembeni na kujikunja, naye anazigeuza kwa kijiti huku midomo ikichezacheza. Nikavuta pumzi, nikapaza sauti ya mnadi: "Zhongqiu kuaile!" Heri ya sikukuu ya keki!

Kijiti kikasimama. Akainua macho taratibu, akaanza na makubazi yangu, akapanda na kanzu yote, nyeupe, hadi kwenye kofia, nyeupe nayo. Mjukuu wake akapiga yowe ambalo nadhani lilisikika baharini. Mzee wa upande wa pili akaangusha bunda lake la karatasi. Na mimi, badala ya kunyamaza, nikasogeza boksi mbele nikarudia ileile kwa nguvu zaidi, nikidhani kosa ni matamshi.

Ilikuwa siku ya 15 ya mwezi wa SABA. Wanaamini wafu hurudi kutembea, na jamaa zao huwachomea hela za kutumia huko waliko. Ayi alikuwa anamtumia marehemu mumewe. Na nyeupe kwao ni vazi la msiba. (Mnaocheka, nawaona.)

Nikaomba radhi, nikazima pindo la kanzu lililoshika moto, nikapanda kulala.

Kesho yake mwana wa ayi akanifungulia kalenda kwenye simu. Mwaka huo wa Kichina una miezi 13! Baada ya mwezi wa sita ukaja wa sita mwingine, 25 Julai hadi 22 Agosti. Miezi 12 ya mwandamo ni siku 354 hivi, na jua linataka 365. Sisi zile 11 tunaziacha ziende, ndiyo maana Ramadhani inazunguka mwaka mzima. Wao wanazidai: miezi 7 ya ziada kila miaka 19. Wala hawabahatishi. Safari ya jua wameigawa vituo 24, na 12 kati yake ni vikuu. Ukipita mwezi bila kuangukiwa na kituo kikuu, hauna namba yake, unarithi ya mwenzake aliyetangulia. Sheria hiyo ni ya mwaka 104 kabla ya Kristo, enzi za mfalme Wu wa nasaba ya Han, kwa hiyo nilikuwa na miaka 2,100 na ushei ya kuisoma.

Hata kwetu, bibi alinieleza wakulima na mabaharia wa zamani walivyohesabu siku kumi kumi tangu Nairuzi, mwaka mpya wetu wa zamani, kwa jua, si kwa mwezi. Akili yangu ilikuwa kwenye maandazi.

Usiku wa kuamkia tarehe 8 mwezi ukapatwa wote, ukawa mwekundu. Jamaa akaniamsha, eti nitoke nikauombe radhi na wenyewe.

Sikukuu ya 2025 ni 6 Oktoba. Keki zimebaki nne, na huyohuyo jamaa ndiye anayezila.