Paa la Mwavuli: Msikiti wa Kimalei Kabla ya Kuba

Mtoto akiambiwa achore msikiti, huanza na kuba, akaweka mnara ubavuni na mwezi mwandamo juu yake. Mchoro huo ungewashangaza Wamalei na Wajava wa karne tatu zilizopita, kwa sababu misikiti waliyoswalia ilikuwa ya mbao, yenye paa la pembe nne lililopandana tabaka mbili au tatu, kila tabaka dogo kuliko lililo chini yake. Wapo wanaoutazama msikiti wa aina hiyo kama kazi ya watu waliokuwa bado hawajajua msikiti unavyotakiwa kuwa. Nadhani wamekosea, na kosa lao linaanza pale wanapotazama kilele kabla ya kutazama nguzo.

Ndani ya msikiti husimama nguzo kuu nne, ambazo Wajava huziita saka guru, zikipanda moja kwa moja hadi kubeba tabaka la juu, huku nguzo fupi za pembeni zikibeba mapaa ya chini. Katika uwazi ulio kati ya tabaka na tabaka hewa ya moto hupata njia ya kutokea na mwanga hupenya, lakini mvua haiingii. Paa lina mteremko mkali ili maji yasituame, na kingo zake hutokeza mbali na kuta. Katika rasi ya Malay sakafu mara nyingi huinuliwa juu ya nguzo fupi kukwepa unyevu na mafuriko. Mbao huungwa kwa ulimi na tundu, ufundi ambao Wamalei huuita tanggam. Mnara haukuwa wa lazima, kwani ngoma kubwa iitwayo beduk iliwajulisha watu wakati wa swala. Na sisi wa pwani ya Afrika Mashariki, ambako misikiti mingi ya kale haina mnara, hatuna sababu ya kulistaajabia jambo hilo.

Msikiti wa Kampung Laut huko Kelantan, jimbo la kaskazini mashariki mwa rasi ya Malay, ndio mfano ninaoupenda kuliko yote. Mapokeo husema ulijengwa na wahubiri wa dini waliosafiri baharini kati ya Champa, ufalme wa kale katika Vietnam ya leo, na Java, wakaweka nadhiri chombo chao kilipopata msukosuko. Ulisimama kando ya mto ambao pepo za kaskazi huufurisha kila mwisho wa mwaka, na mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya mafuriko makubwa, ulifunguliwa vipande vipande na kusimamishwa upya mahali paitwapo Nilam Puri, huko huko Kelantan. Jengo linaloweza kufunguliwa na kuungwa tena namna hiyo lilibuniwa na watu waliojua vyema walichokuwa wakikifanya.

Kuhusu asili ya umbo hili wataalamu wamebishana muda mrefu. Mtaalamu wa Kiholanzi Pijper aliona chimbuko lake ni Java yenyewe, ilhali Mholanzi mwenzake de Graaf aliitazama India, hasa Gujarat na pwani ya Malabar katika Kerala ya leo, ambako misikiti ya kale nayo ina mapaa ya tabaka. Hoja ya Malabar ina uzito, kwa kuwa wafanyabiashara wa huko walifika Melaka, bandari ya Wamalei, na Waislamu wa Malabar, kama Wamalei na kama sisi, hufuata madhehebu ya Shafii. Hata hivyo, ninavutwa zaidi na Bali, kisiwa jirani na Java, ambako Uhindu umebaki hadi leo na mahekalu yaitwayo meru yana mapaa yanayofikia tabaka 11. Yaelekea paa la aina hiyo liliutangulia Uislamu, na seremala aliyesilimu hakulazimika kusahau useremala wake. Fikihi, yaani sheria ya dini, ilimtaka aelekee kibla mahali palipo twahara, na paa ikamwachia yeye.

Kuba lilikuja baadaye, na kwa njia chungu. Msikiti mkuu wa Banda Aceh, mji mkuu wa Aceh kaskazini mwa Sumatra, ulikuwa na paa la tabaka, ukateketea vitani mwaka 1873 Waholanzi walipoivamia Aceh. Waholanzi hao hao wakajenga mwingine kati ya 1879 na 1881, wenye kuba moja la mtindo wa Kimughal, yaani wa wafalme Waislamu wa India, ili kuwatuliza wananchi, na wengi walikataa kuswali humo mwanzoni. Leo msikiti huo una makuba saba na ndio fahari ya Aceh, jambo ambalo silibezi, ila nashangaa kuba linapogeuzwa kipimo cha Uislamu wa jengo. Kuala Lumpur nayo ilipata makuba ya Msikiti wa Jamek mwaka 1909 kutoka kwa msanifu Mwingereza, Hubback.

Malaysia huru ilipojenga Msikiti wa Taifa, uliofunguliwa mwaka 1965, wasanifu waliliacha kuba wakaweka paa la zege lenye mikunjo, mfano wa mwavuli. Zege si mbao, wala paa hilo halina tabaka, lakini kwa mvua ya Kuala Lumpur sioni umbo ambalo mafundi wa Kampung Laut wangelielewa upesi zaidi.