Kompyuta ya Ofisini na Kikomo cha Wati 75

Anayetaka kuunda kompyuta yake ya kwanza ya gemu kwa fedha kidogo huonywa asiguse mashine za ofisini zilizotumika, bali anunue vipuri vipya: prosesa kama Ryzen 5 5600, ubao mama wa soketi ya AM4 inayoipokea, pawa saplai ya kuaminika, na kasha litakalopokea kadi yoyote ya michoro (ile inayochora picha za gemu) atakayoimudu baadaye. Ushauri huo una mantiki, kwa kuwa kila kipuri kina dhamana yake na kikiharibika hubadilishwa peke yake. Lakini unamchukulia mnunuzi kama mtu ambaye fedha zitaendelea kumjia kila mwezi.

Mashine kama Dell OptiPlex 7060 au HP EliteDesk 800 G4, za mwaka 2018, zinazouzwa kwa wingi Kariakoo na katikati ya Nairobi, huja na kasha, ubao mama, pawa saplai na RAM vilivyokwisha kufanya kazi pamoja kwa miaka. Zenye prosesa ya Core i5-8500, ya kizazi cha 8 cha Intel, zina viini 6 vya kuchakata, ambavyo bado vinatosha kwa gemu nyingi. Tena RAM hiyo si jambo dogo tangu bei zilipopaa mwishoni mwa 2025 kwa sababu ya mahitaji ya vituo vya data vya akili mnemba, hata Micron, kampuni inayotengeneza RAM, ikatangaza kuachana na Crucial, chapa yake ya wanunuzi wa kawaida.

Wapinzani hushika zaidi wati 75, yaani umeme wote ambao kadi ya michoro inaweza kuvuta kupitia nafasi yake kwenye ubao mama, kwa kuwa pawa saplai za ofisini mara nyingi hazina waya wa ziada wa kadi, na kuzibadilisha ni usumbufu kwa sababu plagi zake si za kawaida. Ni kweli, ila kikomo hicho kinasomwa kama hukumu ilhali kadi zimetengenezwa kwa ajili yake. RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka 2024, hutumia wati 70, nayo huendesha gemu nyingi kwenye skrini ya 1080 (mistari 1080 ya picha) mradi mchezaji akubali kupunguza mapambo ya picha. Prosesa yenyewe imekadiriwa wati 65. Kwa anayelipia umeme kwa LUKU, na ambaye umeme ukikatika hutegemea UPS (betri ya akiba) ndogo, udogo wa matumizi hayo ni faida ambayo wanaopenda kadi za wati 200 hawaihesabu (wala joto la kadi hizo chumbani Dar es Salaam mwezi Januari).

Hata hivyo, si kila mashine ya ofisini inafaa. Zenye Core za kizazi cha 7 kushuka chini, isipokuwa chache, hazimo katika orodha rasmi ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11, na Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Hizo ziachwe hata zikiwa rahisi. Makasha membamba nayo hudai kadi za kimo kifupi, ambazo ni chache. Mojawapo, RX 6400, inavutia kwa wati zake 53, lakini hutumia njia 4 tu za PCI Express (kiungo cha kadi na ubao mama), hivyo hupoteza kasi kwenye bodi hizi zenye toleo la 3 la kiungo hicho.

Mwenye skrini ya 1440, au anayejua kwamba mwakani atanunua kadi kubwa, ajenge kwa vipuri vipya. Wengine, ambao nadhani ndio wengi, watafute kasha la mnara la kizazi cha 8, wahakikishe lina vijiti viwili vya RAM badala ya kimoja, na fedha iliyobaki waielekeze kwenye kadi, kwani ndiyo itakayohamia kwenye mashine mpya siku uwezo ukipatikana.