Tukizuia mitumba, nani ataingia Karume?

Hoja ya kupiga marufuku mitumba haifi. Hulala mwaka mmoja au miwili, kisha mtu akaiamsha. Juzi niliisikia ndani ya daladala, Barabara ya Uhuru, kutoka kwa kijana aliyekuwa na begi la chuo mapajani. Alisema kwa uchungu wa kweli kwamba kizazi cha babu zetu kiliachiwa kiwanda cha nguo cha Urafiki, sisi tumeachiwa belo, furushi la mitumba. Abiria wengi waliitikia. Nilishuka soko la Karume, hapa Dar es Salaam, bila kuchangia neno, maana shangazi yangu anauza mitumba pale, na nilitaka kwanza niipe hoja ya yule kijana haki yake.

Haki inayo. Urafiki ilifunguliwa Ubungo mwaka 1968 kwa msaada wa China, na wakati wake Mwanza ilikuwa na Mwatex, Musoma ikawa na Mutex. Pamba ya Shinyanga ilikuwa na mlango wa kuingilia ndani ya nchi yake. Leo sehemu kubwa ya pamba nyuzi yetu inapanda meli, na mkulima anasubiri bei iliyopangwa mbali na shamba lake. Kuna pia suala la heshima. Wazee waliziita nguo hizi "kafa Ulaya", kwamba aliyezivaa kafa huko zikaletwa huku, na ukilisikia jina hilo utotoni haliondoki kirahisi. Kuna na afya: Shirika la Viwango, TBS, limepiga marufuku nguo za ndani za mitumba, na bado zinaning'inia sokoni mchana kweupe. Zile zisizouzika kabisa zinaishia dampo la Pugu Kinyamwezi.

Halafu kuna namba, na ndiyo sehemu nzito kuliko zote. Mchumi Garth Frazer wa Chuo Kikuu cha Toronto alichapisha mwaka 2008 matokeo kwamba, kati ya 1981 na 2000, uingizaji wa nguo kuukuu unaeleza takriban asilimia 40 ya anguko la uzalishaji wa nguo Afrika, na asilimia 50 ya anguko la ajira katika viwanda hivyo. Anayetetea mitumba akiikwepa namba hii, hajatetea kitu.

Lakini angalia mwaka inapoishia. Tarehe 1 Januari 2005 ulifutwa mfumo wa migawo uliokuwa ukibana nguo za nchi kama China zisiingie kwa wingi katika masoko ya matajiri. Viwanda vya huko vikapanuka, bei ya nguo mpya ikashuka, na wafanyabiashara wetu wakaijua njia ya Guangzhou kama wanavyoijua ya Kibaha. Ingia Kariakoo leo. Gauni jipya kutoka China linakaribiana bei na gauni zuri la mtumba. Jirani wa shangazi yangu sokoni ameacha mitumba, anauza nguo mpya kutoka nje, na wateja wao ni walewale. Ukimwondoa shangazi, atakayejitanua kesho yake asubuhi ni huyo jirani, kwa sababu mzigo wake uko tayari na bei yake iko tayari.

Na tuitazame Urafiki yenyewe, kwa kuwa ndiyo inayotajwa kila mara. Watu wanaikumbuka kwa khanga na vitenge. Mimi sijawahi kuona belo la khanga likitoka Ujerumani. Hakuna Mjerumani anayevua doti. Khanga ya Urafiki ilikutana na khanga iliyopigwa chapa India, na kitenge chake kikakutana na kitenge cha China, huku mitambo ikizeeka, umeme ukikatika na madeni yakipanda. Sisemi mitumba haikugusa kiwanda chochote. Shati, suruali, fulana, huko iligusa, na mafundi wetu wa kushona suti wanalijua hilo kuliko mchumi yeyote. Ila kuibebesha mitumba kaburi la khanga ni kumfunga mtu kwa kosa la mwingine, na yule mwingine anabaki huru sokoni.

Nilimkuta shangazi akiwa na belo jipya la fulana, kilo 45. Nikamwamkia, akaitikia bila kuinua kichwa. Alikata mikanda ya plastiki kwa kisu cha jikoni na belo likajitutumua kama unga uliotiwa hamira, harufu ya dawa ikatupiga puani. Kipindi hicho haongei. Belo hununuliwa limefungwa, na dakika kumi za kwanza ndizo zinazomwambia kama mwezi huu ada ya mtoto ipo au haipo. Mikono yake inakwenda yenyewe: za juu kulia, za kati kushoto, za chini nyuma kwenye turubai. Za juu zinachukuliwa na vijana wenye maduka Sinza na Kinondoni, ambao hufika kabla jua halijachomoza na hulipa hadi elfu nane moja. Za kati zinapigwa pasi na kutundikwa. Za chini zinamwagwa, na kijana anapanda juu ya stuli kuita bei za mia tano na elfu moja: jero, jero, buku! Zilizotoboka zinakwenda gereji kufutia mikono. Nilihesabu waliopata riziki kwa belo lile moja kabla ya adhuhuri: dereva wa guta, kuli, mpiga pasi, fundi cherehani wa kupunguza, kijana wa kuita, mama lishe aliyewalisha hao wote, na shangazi mwenyewe. Watu saba.

Usiku wa kuamkia Januari 16, 2022 soko hili liliungua. Yeye alipoteza mabelo matatu ambayo hayajafunguliwa, na alianza tena kwa belo moja la mkopo. Nalitaja hili kwa sababu wanaozungumzia "kipindi cha mpito" wanadhani mtu wa mtaji wa belo moja ana mahali pa kusubiria.

Sasa nije kwenye kitu ambacho kimekuwa kikinisumbua, yaani mzani, ushuru unaotozwa kwa uzito. Wengi wetu tukisikia "tusizuie, tupandishe tu ushuru" tunaona ni suluhisho la kati, la busara. Rwanda ilifanya hivyo mwaka 2016: ushuru wa nguo kuukuu ukatoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50. Hebu tuuweke mzani huo juu ya belo la shangazi. Kilo 45 kwa senti 20 ni dola 9. Kwa dola 2.50 ni dola 112.50. Dola tuihesabu shilingi 2,500 ili hesabu iwe nyepesi: kutoka shilingi 22,500 hadi 281,250 kwa belo. Fulana moja ina uzito wa kama gramu 200, kwa hiyo belo lina fulana 225 hivi. Ushuru wa kila fulana unatoka shilingi 100 hadi 1,250.

Ile fulana ya elfu nane ya kijana wa Sinza itapanda, na mnunuzi wake atalalamika kidogo na atalipa. Fulana ya jero haipo tena, kwa sababu ushuru peke yake ni zaidi ya mara mbili ya bei yake. Ya buku nayo imekwenda. Mzani haujui fulana ipi ni ya nani. Unapima uzito, na uzito wa nguo ya maskini ni uleule wa nguo ya mwenye nacho, pengine zaidi. Chukua koti la kilo moja na nusu, lile ambalo wachuuzi wanalipakia kwenye basi kwenda Makambako na Njombe kabla ya baridi ya Juni: kwa kipimo hicho linadaiwa shilingi 9,375 kabla hata halijapakuliwa. Kwa hiyo sera inayosemwa kuwa inalenga mitumba yote inachagua. Inaacha rundo la kulia na kufuta turubai. Na turubai ndipo mama wa Buguruni anapovisha watoto watatu kwa shilingi elfu tatu, wakabaki na nguo ya kutokea. Nimejaribu kuitafutia hesabu hii njia ya kutoka. Ukipunguza ushuru hadi nusu, fulana ya jero bado inakufa. Mpaka uukate kufikia mahali ambapo haukilindi kiwanda chochote.

Rwanda ilijua inachokifanya na ilikubali gharama yake. Hatuwezi kusema hivyo juu yetu. Machi 2016, wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana Arusha kuachana na nguo na viatu kuukuu ndani ya miaka mitatu. Mwaka 2017 umoja wa wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani ukalalamika kwa serikali yao kwamba ajira 40,000 za kwao zingeguswa, na serikali hiyo ikaanza kupitia upya nafasi yetu katika AGOA, mpango ulioanza mwaka 2000 wa kuziruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia Marekani bila ushuru. Kenya ikajitoa kwanza, Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda ikasimama, na Julai 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa nguo.

Kurudi nyuma kule kulimwokoa shangazi yangu na bado kunaniuma. Aliyesikilizwa alikuwa mchambuzi wa mabelo wa Marekani. Mwuzaji wa Karume hakuitwa, na mkulima wa Simiyu hakuitwa. Tulifikia uamuzi sahihi kwa woga, na uamuzi wa namna hiyo hauna mizizi: upepo ukibadilika Washington, tutaamua kinyume chake kwa woga uleule.

Tena yale tuliyokuwa tukiyalinda yanahitaji kutazamwa kwa karibu. Mabibo, ndani ya eneo maalumu la uwekezaji la Benjamin Mkapa, kuna kiwanda kinachoshona suruali za jinzi kwa ajili ya soko la Marekani. Ni ajira za watu wetu, wengi wao wanawake vijana, na ninaziheshimu. Lakini AGOA imekuwa ikiruhusu nchi maskini kama yetu kushona kwa kitambaa kutoka nchi nyingine yoyote. Jinzi inaweza kutoka Mabibo kwenda Marekani bila uzi hata mmoja wa Shinyanga ndani yake. Mnyororo ambao kijana wa daladala anauota, shamba, kinu cha kuchambulia, kiwanda cha nyuzi, kitambaa, cherehani, umekatika katikati, kwenye kusokota na kufuma. Kufunga Karume hakuungi kipande hicho.

Kinachoweza kukiunga kipo, na hakihitaji kumfukuza mtu. Kuna nguo nyingine ambayo mitumba haijaigusa sana, nayo ni sare ya shule. Kila Januari mamilioni ya watoto wanahitaji shati jeupe na kaptula au sketi, rangi zinajulikana, idadi inajulikana, mwezi unajulikana. Januari hii nilikwenda Kariakoo kununua kitambaa cha sare ya mwanangu. Muuza duka alilishusha jora la tetroni, akalikunjua mezani, na lebo iliyobandikwa kwenye bomba la katikati ilisema limetengenezwa China. Nikamwomba la hapa. Akacheka kwa upole, akaniambia, "Kaka, hili ndilo lipo." Hapo pana soko zima, na hakuna mtumba hata mmoja mlangoni. Ongeza mashuka ya hospitali za serikali, ongeza sare za majeshi, halafu muulize mwenye kiwanda kama akihakikishiwa oda ya miaka mitano hawezi kwenda benki kutafuta mitambo.

Bandarini nako pana kazi mbili. Moja ni kuzibana nguo mpya zinazotangazwa kwa thamani ya uongo, kwa kuwa hizo ndizo zinazopambana na kiwanda moja kwa moja. Nyingine ni kufungua mabelo kwa sampuli na kumtoza mwagizaji anayejaza takataka. Miezi michache iliyopita shangazi alinunua belo lililoandikwa fulana za watu wazima, akakuta nusu yake ni za watoto wachanga, zenye madoa. Aliyemuuzia alimjibu kwamba bahati haina risiti. Hasara ile ilikaa kwake peke yake, na mzigo ule mwishowe ulikwenda dampo kwa gharama ya jiji.

Nilimweleza shangazi maneno ya yule kijana. Alikuwa amekaa juu ya ndoo, anakunja za kati. Nilidhani atakasirika.

"Mwanangu, mimi nauza nguo," alisema. "Sikuzaliwa na mitumba. Wakiniletea za Urafiki nitatandika za Urafiki, tena kwa raha, maana hizo nitaziona kabla sijalipa." Akanipa shati nilishike, la mikono mirefu, kola bado ngumu. "Ila hili nauza elfu nne. Waambie waanzie hapo."